Kode Moja, Maana Tatu: Maneno ya Pesa za Simu kutoka Nairobi hadi Kabambare

Mama yangu mdogo anauza mchele na mawese sokoni Kabambare. Wakati wa likizo iliyopita, mtoto wake anayefanya kazi Bukavu alimtumia feza kwa simu. Mama akaenda kwenye kabini, ile meza ndogo chini ya mwavuli ambapo kijana huuza maunite na kuwatoshea watu feza zao. Kijana akamwambia, "Mama, unipe kode." Mama akamtajia tarakimu zake nne, kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri. Akapewa sehemu ya feza, nyingine akaibakiza kwenye simu, na simu yenyewe akaiacha palepale ichajiwe kwa mtambo wa jua. Siku ya tatu alipotaka kutosha kilichobaki, hakikuwapo. Ni nani aliyekitosha, hatukupata kujua.

Nyumbani watu walimlaumu mama kwamba hakusoma. Mimi ninayesoma lugha nilibaki na swali jingine: neno "kode" lilimwambia nini? Makala hii inajaribu kulijibu. Kwanza nitaeleza kwa ufupi jinsi huduma ya M-Pesa ilivyokua kutoka Kenya hadi kufika Kongo. Kisha nitachunguza maneno yaliyokua pamoja nayo, na yale yanayotumika kwetu kusini mwa Maniema. Nitaonyesha kwamba katika biashara ya feza, neno lisiloeleza kazi yake humgharimu yule anayelitumia.

1. Kampuni na maneno yake

Safaricom ilianzishwa Kenya mwaka 1997 ikiwa mali ya shirika la simu la serikali, Telkom Kenya. Mwaka 2000 kampuni ya Uingereza, Vodafone, ilinunua asilimia 40 ya hisa zake. Mwaka 2005 yalianza majaribio madogo pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya: wakopaji wangepokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wakati wa majaribio ilionekana kwamba watu waliitumia huduma hiyo kwa haja zao wenyewe, hasa kutumiana pesa. Kwa hiyo M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, lengo lake la kwanza lilikuwa jepesi kueleza: mtu wa mjini atume pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imepata wateja zaidi ya milioni 1.

Utendaji wake unafahamika kwa wengi, lakini ni vizuri kuukumbuka. Mteja anampa wakala noti; wakala anamhamishia mteja thamani ileile kutoka katika salio lake mwenyewe la simu. Anayepokea anakwenda kwa wakala mwingine, anamrudishia thamani ile kwa simu na kupewa noti. Wakati huo, pesa halisi zinazolingana na masalio yote huwekwa benki. Kitu kimoja tu kinamtenganisha mwenye salio na mtu mwingine yeyote aliyeshika simu yake: tarakimu chache anazozijua yeye peke yake. Tutarudi kwenye tarakimu hizo.

Mwaka 2008 M-Pesa ilivuka mpaka kwenda Tanzania kupitia Vodacom, na mwaka 2012 ikafika Kongo, ambako Vodacom ilikuwa ikifanya kazi tangu 2002. Njia hiyo ilifunguka kwa sababu Vodafone ilikuwa na hisa katika Safaricom na pia katika Vodacom. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilinunua jina na haki za M-Pesa kutoka kwa Vodafone, na mwaka 2021 huduma hiyo ilifikisha wateja milioni 50 katika nchi 7 za Afrika.

Kwa mwanafunzi wa lugha, historia hii ina upande wa pili. Jina la Safaricom linaanza na "safari". Herufi M katika M-Pesa ni ya "mobile", na "pesa" ni neno lililotoka Bara Hindi, ambako "paisa" ni sarafu ndogo. Baadaye Safaricom ilizidi kuchota katika Kiswahili. "Sambaza", yaani eneza, likawa neno la kumgawia mwenzako muda wa maongezi. Mkopo mdogo wa muda wa maongezi uliitwa Okoa Jahazi. Huduma ya akiba na mikopo ya mwaka 2012 iliitwa M-Shwari, kutokana na hali ya bahari iliyotulia. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, kitenzi cha zamani chenye maana ya kuendelea kufanya jambo bila kukatiza. Siku hizi ni jina la mkopo unaokamilisha malipo pale salio linapopungua.

Majina haya yana faida moja kubwa: yanaeleza. Anayeambiwa "okoa jahazi" anajua kwamba kuna chombo kinachozama na kwamba msaada ni wa dharura. Yana pia hatari yake. "Shwari" na "fuliza" ni maneno matamu yanayofunika neno chungu, "deni". Neno linaloeleza linaweza pia kuficha, na msomaji wa lugha hana budi kuangalia pande zote mbili.

2. Maneno yalikwishapita njia hii

Maneno ya biashara hayakuanza kufika Kabambare kwa simu. Katika karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kutoka Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, hadi Kasongo na Nyangwe. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip. Misafara ilichukua pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Ilileta nguo, shanga, bunduki, na lugha. Kiswahili tunachokiita Kingwana kilikomaa katika njia hiyo. "Hesabu", "deni", "faida", "mali" ni maneno tuliyoyapata katika biashara ambayo babu zetu wengi hawakuwa wauzaji ndani yake bali wenye kuuzwa. Aliyeijua hesabu ndiye aliyepata faida. Sielezi haya ili kulilaumu neno. Naeleza ili tukumbuke kwamba msamiati wa feza hufika pamoja na nguvu ya yule anayeuleta.

Tangu hapo, kila utawala umeacha neno lake sokoni. Tuchukue maneno matatu tu:

Feza. Ni "fedha" ya Kiarabu, yenye maana ya madini meupe. Katika Kiswahili cha Kongo sauti ya "dh" imekuwa "z", kama "dhambi" ilivyokuwa "zambi".

Makuta. Mwaka 1967 serikali ilianzisha sarafu ya zaire, na zaire 1 iligawanywa katika makuta 100. Umoja wake ni likuta. Zaire yenyewe ilikwisha katika miaka ya 1990, faranga ya Kongo ikarudi mwaka 1998, lakini "makuta" limebaki kwa maana ya feza kwa jumla. Kiambishi "ma-" kililisaidia: kwa msemaji wa Kiswahili linakaa vizuri pamoja na "mali", "mafuta" na "mawese".

Falanga. Ni faranga ya Wabelgiji, iliyopewa matamshi ya kwetu.

Kwa hiyo "pesa" ya M-Pesa ilipofika Kongo ilikuta nafasi imekwisha kujaa. Tunalifahamu neno hilo, lakini sokoni utasikia zaidi feza, makuta na falanga.

3. Kutoa na kutosha

Kenya na Tanzania mteja "anatoa" pesa kwa wakala. Kwetu, kama Bukavu na Lubumbashi, mteja "anatosha" feza. Wengi walimu wangesahihisha hapo kwa wino mwekundu. Tuangalie kwanza kanuni. Vitenzi vingi vinavyoishia na "-ka" huunda kauli ya kusababisha kwa kugeuza "k" kuwa "sh":

amka – amsha
anguka – angusha
waka – washa
shuka – shusha
toka – tosha

Kutosha ni kufanya kitu kitoke. Kiswahili sanifu kina "toa" kwa kazi hiyo, na "tosha" kimelibakiza kwa maana ya kufikia kiasi kinachotakiwa. Kiswahili cha Kongo kimefuata kanuni hadi mwisho. Hakuna kosa la kisarufi katika "kutosha feza".

Tatizo linaanza pale Viswahili viwili vinapokutana kwenye simu moja. Mchuuzi mmoja wa kwetu alinunua laini Kigoma. Kila alipojaribu kutuma pesa alijibiwa kwamba salio lake halitoshi. Alielewa kwamba salio "halitoshi" feza, yaani halizitoi, akadhani mtandao umeharibika. Akasubiri hadi jioni, akajaribu tena na tena. Kumbe aliambiwa tu kwamba feza zake ni kidogo. Kila neno la ujumbe ule lilikuwa la Kiswahili, na kila neno alilijua.

4. Kode

Sasa turudi kwa mama. Kwetu neno "kode" linabeba mambo matatu. Kwanza, ni tarakimu za kufungulia huduma, zenye nyota na alama ya reli. Hizo zinajulikana na kila mtu na zinabandikwa ukutani. Pili, ni namba ya mwenye kabini, ambayo mteja anahitaji kuiandika ili feza zimfikie; hiyo pia ni ya wazi. Tatu, ni zile tarakimu za mwenye salio, zisizopaswa kutoka kinywani mwake. Mbili ni za kutajwa, moja ni ya kufichwa, na zote zina jina moja. Kijana akisema "unipe kode", mteja atajuaje ni ipi?

Kifaransa rasmi kinasema "kode ya siri", lakini katika mazungumzo sehemu ya pili huanguka, na ndiyo yenye onyo. Nchini Tanzania simu inamwambia mteja aingize "namba ya siri". Jina hilo ni agizo pia: linamkumbusha mtumiaji wajibu wake kila anapolitaja. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake kwa urahisi, "Mama, unipe namba yako ya siri." Akisema hivyo, sentensi yenyewe inamshitaki.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Lakini kuandika ujumbe kwa Kiswahili hakutoshi, kwa maana ya Kigoma. Kama ujumbe utaletwa kutoka Dar es Salaam bila kubadilishwa, mchuuzi wetu atasubiri tena hadi jioni. Kazi yetu sisi wanafunzi ni kuyakusanya maneno yanayotumika kwenye kabini na sokoni, kupima yapi yanaeleweka, na kuyapeleka kwa wale wanaoandika jumbe hizo.

Nilianza kazi hiyo nyumbani. Nilimweleza mama maana tatu za kode, kisha nikamuuliza ile ya tatu angeiita nani. Alifikiri kidogo akasema, "Hiyo ni ufunguo wa nyumba. Wangesema ufunguo, ningempa nani?"

Maswali ya mazoezi

1. Linganisha "kode", "namba ya siri" na "ufunguo". Ni jina lipi linalomlinda mtumiaji zaidi? Kumbuka kwamba ufunguo unaweza kuazimwa.

2. Tafuta vitenzi vingine vitano vya Kiswahili vinavyofuata kanuni ya "toka – tosha". Je, kuna ambavyo vimepata maana tofauti Kongo na Afrika Mashariki?

3. Andika upya ujumbe "Salio lako halitoshi" ili msemaji wa Kabambare na msemaji wa Kigoma wauelewe sawasawa. Kabla ya kuuleta darasani, usomee watu watatu wa sokoni, na andika jinsi kila mmoja alivyouelewa.