Maneno ya Wimbo Yasikike: Somo la Kuchanganya Sauti kwa Kwaya na Bendi za Parokia



Katika robo hii tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo katika taarifa za miradi huandikwa kwa mstari mmoja tu: "kurekodi nyimbo za kwaya". Tumejifunza kwamba nyuma ya mstari huo kuna kazi inayoweza kuokoa mradi au kuupoteza. Kazi hiyo ni kuchanganya sauti, yaani kupanga sauti zote zilizorekodiwa ili kila moja ikae mahali pake.

Kisa chenyewe

Kwaya ya parokia moja tunayofanya nayo kazi, pamoja na bendi yake ya vijana, ilirekodi nyimbo nane za elimu ya afya: kunawa mikono, kutumia choo, kuchemsha maji na kumwahisha mgonjwa wa kuhara kwenye kituo cha afya. Fedha za wafadhili zilitosha kwa siku mbili za studio. Kazi ilipokamilika tuliipiga kwenye mkutano wa jumuiya ndogondogo. Watu walifurahi, wengine wakacheza. Kisha tukauliza: wimbo wa tatu unatukataza nini? Kimya. Mama mmoja akajibu kwa unyoofu kwamba yeye amesikia tunywe maji ya mto. Wimbo ulikuwa unasema tusinywe.

Kosa halikuwa la mama huyo. Kwa Kiswahili katazo lote hubebwa na silabi moja ndogo, "si". Sauti ya herufi S ni nyembamba na huishi juu sana, zaidi ya hezi 4,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Matoazi ya dramu na kayamba navyo huishi hukohuko. Vikipigwa kwa nguvu, "si" humezwa, na katazo hugeuka kuwa ruhusa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo la namna hii (1 Kor. 14:7-9), akitumia mfano wa vyombo vya muziki ambavyo msikilizaji hawezi kutambua kinachopigwa. Muziki usioeleweka haumjengi mtu.

Kamati ya parokia ilitaka kuomba fedha za kurekodi upya, na sisi tulikwisha kuanza kuandika ombi hilo. Kabla ya kulituma, tulimwomba kijana mmoja wa kwaya mwenye kompyuta asikilize kila treki peke yake. Jibu lake lilitushangaza: waimbaji walikuwa wamerekodiwa vizuri. Maneno yalikuwepo, ila yalikuwa yamefunikwa. Ombi lile halikutumwa. Hatua zifuatazo ndizo zilizofuatwa.

Hatua ya 1: Pata treki, zitunze, zisikilize

Treki ni sauti ya kila chombo au kila mwimbaji ikiwa katika faili lake. Hapa tunakiri kosa letu: mkataba wetu na studio haukutaja treki, ulitaja CD tu. Tulibahatika kwamba zilikuwa bado hazijafutwa. Tengenezeni nakala mbili na kuzihifadhi sehemu tofauti kabla ya kugusa chochote.

Programu ya kufanyia kazi si lazima inunuliwe. Audacity, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, haina malipo na inatosha kwa kazi kama hii. Vipande ambavyo mtu haimbi wala hapigi vizimwe, maana kila maikrofoni iliyo wazi huleta kelele za chumba.

Hatua ya 2: Anza na sauti za watu

Bendi nyingi huanza na dramu, kisha besi, na waimbaji huja mwisho kutafuta nafasi iliyobaki. Kwa nyimbo za mafundisho fanyeni kinyume. Anzeni na mwimbaji anayeongoza, kisha sauti ya kwanza hadi ya nne, halafu ongezeni chombo kimoja kimoja. Chombo kikiingia na maneno yakapotea, kishusheni hicho chombo, msipandishe waimbaji. Mkipandisha kila kitu, mwishowe kila kitu kitakwaruza. Kilele cha mchanganyiko kisizidi desibeli 6 chini ya kikomo, ili ibaki nafasi ya kumalizia kazi.

Sikilizeni kwa sauti ya chini, kama ya watu wawili wanaozungumza mezani. Muziki ukipigwa kwa nguvu hudanganya sikio. Kila baada ya saa moja pumzisheni masikio.

Hatua ya 3: Ondoa kabla ya kuongeza

Chombo cha kazi hii ni ikwalaiza, inayopunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti. Sisi tuliitumia zaidi kupunguza:

- Treki za waimbaji: kata kila kilicho chini ya hezi 80 hadi 100. Huko hakuna maneno; kuna mngurumo wa jenereta, upepo na miguu inayogonga sakafu.
- Gitaa la ridhimu: kata chini ya hezi 100, besi ipate nafasi yake.
- Kinanda: mkono wa kushoto hugombana na gitaa la besi. Punguza chini ya hezi 200, au mwombe mpigaji auache mkono huo.
- Sauti yenye "tope", kana kwamba imefunikwa blanketi: punguza desibeli 2 au 3 kati ya hezi 200 na 400 kwenye vyombo vilivyojazana hapo.
- Kayamba na matoazi: punguza kuanzia hezi 4,000 kwenda juu, hasa pale mwimbaji anapotamka maneno muhimu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoirudisha "si" yetu.

Hatua ya 4: Gawa nafasi

Vyombo vyote vikirundikana katikati husongana. Mwimbaji anayeongoza, besi na ngoma kubwa ya dramu vibaki katikati. Gitaa la solo lipelekwe upande mmoja, la ridhimu upande wa pili, kayamba pembeni. Waimbaji wa kwaya watawanywe kama wanavyosimama kanisani.

Kisha unganisheni pande mbili ziwe moja na kusikiliza tena, kwa sababu makanisa mengi na simu nyingi hutoa sauti kwa spika moja. Kinanda chetu kilikuwa kimewekewa madoido ya kukipanua. Tulipounganisha pande mbili kikakaribia kutoweka. Tukayaondoa madoido hayo.

Hatua ya 5: Sawazisha kupanda na kushuka

Mwimbaji asiye na uzoefu husogea na kurudi nyuma ya maikrofoni. Neno moja hupiga kelele, linalofuata hunong'ona. Kwanza pandisheni na kushusha kwa mkono, sentensi kwa sentensi. Ni kazi ya uvumilivu, lakini ndiyo yenye faida kubwa. Baada ya hapo kompresa, inayobana vilele vya sauti, itumike kwa kiasi: uwiano wa 3 kwa 1, ibane desibeli 3 au 4 tu pale sauti inapopanda. Ikizidi, mwimbaji husikika kama amechoka.

Hatua ya 6: Mwangwi kidogo

Wengi hupenda mwangwi mrefu kwa kuwa unaficha makosa. Unaficha na maneno pia, kwani silabi moja huwa haijafa kabla inayofuata haijafika. Tumieni mwangwi wa aina moja kwa waimbaji wote, usiozidi sekunde 2, na mfupi zaidi kwa nyimbo za haraka. Kama kurekodi kulifanyika kanisani penye sakafu ya vigae, huenda hamhitaji kuongeza wowote.

Hatua ya 7: Jaribu kwa wasikilizaji wa kweli

Pigeni wimbo kwenye simu ya kawaida, kwenye redio ndogo na kwenye spika za kanisa. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za besi. Badala ya kuzidisha uzito, ongezeni kidogo besi kati ya hezi 700 na 1,000. Sikio litaifuata besi hata kwenye simu.

Halafu waiteni watu watano ambao hawajausikia wimbo, wakiwemo wazee. Wausikilize mara moja na waseme umeagiza nini na umekataza nini. Wanakwaya wasiwemo, kwa kuwa wanayajua maneno na watayasikia hata yasipokuwepo.

Kisichoponyeka

Sauti iliyopasuka kwa sababu maikrofoni ilizidiwa haitengenezeki vizuri. Vivyo hivyo gitaa lililopigwa bila kutuniwa, au waimbaji na dramu waliorekodiwa kwa maikrofoni moja. Kati ya nyimbo zetu nane, mmoja ulikuwa na mwimbaji kiongozi aliyepasuka. Hatukurudi studio. Tulitundika mablanketi katika chumba cha sakristia, mwimbaji akasimama kama sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, naye akarudia sehemu yake mchana mmoja.

Tulirudi kwa jumuiya ileile na nyimbo zilezile. Safari hii yule mama ndiye aliyewahi kujibu. Alisema maji ya mto tusiyanywe bila kuyachemsha, kisha akauliza kwa nini mara ya kwanza tulimwambia vingine. Hatukuwa na la kujitetea.

Kwa kamati na wafadhili wetu

Kamati inayoandaa bajeti ya kurekodi itenge muda wa kuchanganya sauti angalau sawa na muda wa kurekodi. Mkataba na studio utamke kwamba treki zote ni mali ya kwaya na zitakabidhiwa. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya jaribio la wasikilizaji watano.

Kwenu wafadhili, tulihesabu nyimbo nane na kuwataarifu kwamba lengo limefikiwa, kabla hatujauliza kama mtu amezielewa. Kuanzia sasa taarifa zetu za kazi za namna hii zitaeleza pia walichosikia walengwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nyimbo ambazo kwaya yetu imekwisha kurekodi, treki zake ziko wapi leo, na nani anazitunza?
2. Tukipiga wimbo mmoja kwenye simu, je, mgeni anaweza kurudia ujumbe wake?
3. Katika bendi yetu, nani yuko tayari kushusha chombo chake ili maneno ya mwenzake yasikike?