SOMO LA KIKUNDI: Jioni ya Michezo Nyumbani, Tuchague Mchezo Gani?



Somo letu la safari hii si la mbuzi wa maziwa wala la kuchimba choo. Ni la michezo ya kukaa chini: drafti, ludo, karata na bao. Wengine mtacheka. Hata sisi tulicheka wakati mama mmoja wa kikundi chetu hapa Loresho alipolitaja jambo hili mkutanoni. Lakini alipomaliza kusema, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

TUONE: Hali ilivyo

Mama huyu hufua nguo katika nyumba za Loresho, na jioni hurudi Kangemi anakopanga chumba kimoja. Alituambia hivi: baba akifika anainamia simu, anahesabu timu za mpira alizowekea pesa. Kijana mkubwa naye ana simu yake. Wadogo wako kwa jirani mwenye televisheni. "Tuko watano kwa chumba kimoja," alisema, "na hakuna anayeongea na mwenzake." Mwezi ule kodi ilikuwa imechelewa. Pesa zilikuwa zimeingia kwa simu, hazikutoka.

Mwingine, ambaye ni yaya, akasema hata katika nyumba kubwa anakofanya kazi ni hivyo hivyo. Kila mtoto ana chumba chake na amefunga mlango. Kumbe shida hii haichagui mwenye nacho na asiye nacho!

Zamani wazee wetu walijua kukaa pamoja. Wakikuyu walicheza giuthi, Waluo ajua, na watu wa pwani wanacheza bao mpaka leo. Pale Hyrax Hill karibu na Nakuru kuna mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba. Basi mtu asituambie ati michezo hii ni mambo ya Wazungu, au ni ya watoto peke yao.

TUPIME: Maswali matano kabla ya kuchagua

Sisi wenyewe tulianza kwa kukosea. Tulinunua mchezo wa kupanga herufi kuwa maneno, tukaupeleka katika nyumba moja yenye nyanya ambaye hakusoma. Vijana walifurahi sana. Nyanya alikaa kidogo, akasema anaenda kuangalia moto, na hakurudi. Tulikuwa tumemfukuza bila kujua. Tangu siku hiyo tunauliza maswali haya:

1. Ni nani atakayebaki nje? Kama kuna asiyejua kusoma, chagua mchezo wa kuhesabu au wa rangi. Bao, drafti na ludo hazihitaji kusoma. Aliye mdogo sana acheze pamoja na mkubwa, wawe timu moja.

2. Tuko wangapi? Drafti ni ya watu wawili. Wengine hubaki watazamaji, na baada ya muda wanachoka. Ludo ni ya wanne. Karata zinaweza kuchezwa na wawili hata sita.

3. Ni akili au ni bahati? Katika drafti mwenye ujuzi hushinda karibu kila mara. Ni nzuri kwa kufundisha mtoto kufikiri kabla ya kutenda, lakini baba akimshinda mtoto mara kumi mfululizo, mtoto atakataa kucheza. Katika nyoka na ngazi, dadu ndiyo inayoamua, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anaweza kumshinda babake. Siku moja chezeni wa akili, siku nyingine wa bahati. Ludo iko katikati: dadu inakupa namba, lakini wewe unachagua kete ya kusogeza.

4. Unachukua muda gani? Watoto wana kazi ya shule na mama ameamka alfajiri. Mchezo wa nusu saa unatosha. Ukizidi saa moja, utaleta ugomvi badala ya furaha.

5. Je, kuna pesa ndani yake? Hapa tusimame kidogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema ubaya unaingia pale mtu anapojinyima, au anapowanyima wengine, kile wanachohitaji ili kuishi. Inaonya pia kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Pesa ya kodi na ya unga si pesa ya kuchezea. Kwa hiyo nyumbani tusiweke hata shilingi tano. Mtoto anayezoea shilingi tano leo, kesho atatafuta mia tano.

Wengine huuliza: aliyeshindwa aoshe vyombo? Sisi tunasema hapana, maana mdogo ndiye ataosha kila siku. Afadhali aliyeshinda apewe heshima ya kuchagua mchezo wa kesho.

Michezo inayofundisha

Nyoka na ngazi ilitoka India. Huko zamani ilikuwa somo la maadili: ngazi zilikuwa matendo mema, na nyoka walikuwa maovu yanayomwangusha mtu. Nanyi mnaweza kuchora yenu. Watoto wa kikundi chetu waliandika kwenye ngazi, "Umemsaidia jirani mgonjwa." Kwenye nyoka mrefu kuliko wote, kijana mmoja aliandika, "Umecheza kamari na pesa ya karo." Hatukumwambia aandike hivyo. Babake alikuwapo, akasoma, akanyamaza.

Kuna pia Monopoly, ambayo huonekana katika nyumba nyingi za wenye uwezo. Wachache wanajua asili yake. Mwaka 1904 mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo aliouita kwa jina la mwenye ardhi. Alitaka watu waone jinsi mwenye ardhi anavyotajirika na mpangaji anavyozidi kuwa maskini. Monopoly ilitokana na mchezo huo, ikaanza kuuzwa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, na watu wakafurahia kuwafilisi wenzao. Ukiicheza, uliza baadaye: aliyefilisika alisikiaje? Mpangaji wa Kangemi anajua jibu. Hayati Papa Fransisko, alipotembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi hapo Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alizungumzia jambo hilo hilo: ardhi isiyogawanywa kwa haki, na familia zinazolipa kodi kubwa kwa nyumba zisizofaa kukaliwa na watu.

TUTENDE: Tutengeneze wenyewe

Drafti. Kata katoni iwe mraba wa sentimita 40. Chora miraba 64, nane kwa nane, kila mmoja sentimita 5. Paka makaa mraba mmoja, ruka mmoja. Okota vifuniko 24 vya soda: 12 vitazame juu, 12 vigeuzwe. Mchezo uko tayari.

Bao la kuanzia. Chukua trei ya mayai, ukate mistari miwili yenye mashimo sita sita. Weka maharagwe manne katika kila shimo, jumla 48. Mmoja anachota shimo moja la upande wake na kupanda moja moja akizunguka. La mwisho likiangukia shimo tupu la upande wake, anakula yaliyo mbele yake upande wa pili. Mmoja akiishiwa upande wake, hesabuni: aliyekula zaidi ameshinda. Bao kamili la Zanzibar lina mashimo 32 na kete 64, nalo linataka mwalimu.

Karata. Vijana wetu wanaujua mchezo wa kadi, ule wa kusema "niko kadi" kabla ya kumaliza. Wacha wao wawe walimu na wazazi wawe wanafunzi. Ni vizuri mzazi aonekane hajui kitu! Lakini kila mtaa una sheria zake, kwa hiyo zikubaliwe kabla karata ya kwanza haijawekwa.

Mambo ya kukumbuka: simu zote, hata ya baba, ziwekwe mahali pamoja. Chagueni siku moja ya juma na msiibadilishe. Asiwepo wa kumcheka aliyeshindwa. Na mzazi asimwachie mtoto ashinde kwa uongo, watoto wanajua.

Maswali ya kujadiliana

1. Jana jioni kila mtu wa nyumba yako alikuwa akifanya nini?
2. Ni nani nyumbani ambaye huwa nje ya mazungumzo, na ni mchezo gani utamwingiza?
3. Katika kijiji chetu, kamari imechukua nini kutoka kwa familia?
4. Nani miongoni mwetu anajua giuthi, ajua au bao, na atatufundisha lini?

Kazi ya mwezi huu: kila mwanachama atengeneze mchezo mmoja, aucheze nyumbani mara nne, kisha alete habari mkutanoni, nzuri na mbaya.

Yule mama wa kufua alitengeneza drafti. Juma la kwanza mumewe hakuigusa. Juma la pili aliona kijana wake anakosea, akashindwa kuvumilia, akasema, "Si hivyo, kula hiyo!" Akavuta kiti. Simu bado anayo, na hatuwezi kusema ameacha kuweka pesa. Lakini kila Jumatano, kwa nusu saa, anaongea na mwanawe. Sisi tumeona kwamba hapo ni mahali pa kuanzia.