SOMO LA MWEZI: Dawa Iuzwayo kwa Mdomo



Katika mkutano wa siku ya mshahara mwenzetu mmoja wa idara ya ufungaji alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Aliuliza: "Mtu akiniambia kwamba dawa fulani ilimponya, nimwamini au nisimwamini?" Wengi walicheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa maana kila aliyekuwapo alijua swali limetoka wapi. Kamati ikaamua liwe somo la mwezi huu.

Tuanze na jambo lenyewe. Yuko mwenzetu, fundi wa mashine, mkaaji wa Buyenzi, ambaye kwa miaka mingi aliishi na ugonjwa wa sukari akimeza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni. Wiki moja alipokwenda dispansari aliambiwa vidonge vimekwisha, akanunue farmasini mjini. Bei ya farmasi ilimshinda. Wakati huohuo, katika kundi la WhatsApp la zamu yao, mfanyakazi mwenzake alikuwa akituma kila siku picha za makopo ya unga wa majani makavu, pamoja na sauti za watu wakishuhudia: huyu alikuwa haoni sasa anaona, yule alikuwa amelala kitandani sasa analima. Bei ya kopo moja ilikaribia mshahara wa mwezi. Mwenzetu aliuza baiskeli. Alitumia makopo matatu, na vidonge hakuvirudia hata vilipopatikana, kwani aliambiwa kwamba dawa mbili hugombana mwilini. Kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona. Leo mguu ule hanao, na kazini hayupo.

Tunaomba msomaji atazame jambo moja. Baada ya kopo la kwanza mwenzetu alijisikia vizuri, akatuma sauti kundini kumshukuru aliyemletea dawa. Sauti ile ikachukuliwa, ikapelekwa katika makundi mengine. Alipokatwa mguu hakutuma neno, kwa sababu simu ilikwisha kuuzwa ili kulipa hospitali. Kwa hiyo mpaka leo, ndani ya simu za watu tusiowajua, ndugu yetu bado anashukuru.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Ushuhuda wa dawa husemwa na waliobaki na mdomo wa kusema, na mara nyingi husemwa mapema mno. Aliyekufa hashuhudii. Aliyeona haya kwa kudanganywa hunyamaza. Basi tukisikia watu kumi wakisifu dawa, hatujui kama waliotumia walikuwa kumi au elfu.

Sasa, kwa nini mambo ya ugonjwa hupenda kwenda kwa mdomo kuliko kwa tangazo? Kitambaa utakipapasa kabla hujatoa faranga zako. Ndizi utaibonyeza. Lakini dawa hulipwa kwanza, na ubora wake huonekana baadaye, na hata baadaye hujui kama ni dawa iliyokuponya au ni mwili wenyewe. Kwa hiyo mtu humwendea aliyetangulia. Hakuna ubaya katika hilo. Ndivyo tunavyoulizana habari za kapita mpya na za nyumba za kupanga. Ndugu zetu wa Tanzania huiita redio mbao, na ng'ambo ya ziwa, Uvira, watu huiita radio trottoir. Redio hiyo haina leseni wala mtambo, nayo husikilizwa kuliko ile yenye mtambo.

Wenye biashara wamelifahamu hilo zamani. Tajiri wa makopo hakodi duka, halipi tangazo, haajiri mtu. Anakuuzia makopo kwa bei ya jumla, anakuambia uyauze kwa jirani, na kwamba ukimleta jirani naye awe muuzaji utapata kamisheni katika mauzo yake. Tufanye hesabu pamoja, hata kwa kijiti chini ya mti. Mtu mmoja alete 5. Hao 5 kila mmoja alete 5, watakuwa 25. Ngazi ya tatu ni 125, ya nne ni 625. Ukijumlisha ngazi zote nne ni watu 780, nao ni wengi kuliko wafanyakazi wa viwanda vingi vya hapa Bujumbura. Je, ngazi ya nne itamletea nani? Waliochelewa hubaki na makopo chini ya kitanda na deni mkononi.

Aliyemuuzia ndugu yetu yumo katika hao. Hatumtaji jina, na tunaomba asisemwe vibaya getini. Naye aliamini kweli. Makopo mawili alimpa mama yake mwenyewe. Muuzaji mzuri kabisa kwa tajiri ni yule anayeamini. Hadai mshahara, na akikosea hatashtakiwa tajiri, atashtakiwa yeye.

Msidhani jambo hili huwapata wasiosoma tu. Katika miaka ya 1950 wataalamu watatu, James Coleman, Elihu Katz na Herbert Menzel, walichunguza madaktari wa miji minne ya Illinois, Marekani, ili kujua dawa mpya ya kuua vijidudu ilivyoenea. Waliona kwamba madaktari wenye marafiki wengi wa kazi walianza kuiandika mapema kuliko waliokaa peke yao. Uchunguzi huo uligharimiwa na kampuni ya dawa, Pfizer, na ukawa maarufu: watu wakasema, hata daktari hufuata mdomo wa rafiki yake. Lakini mwaka 2001 wataalamu wengine wawili, Christophe Van den Bulte na Gary Lilien, walizipitia hesabu zilezile, safari hii wakiingiza na matangazo ambayo makampuni yaliyaweka katika majarida ya madaktari wakati ule. Nguvu ya mdomo wa rafiki ikatoweka katika hesabu. Yaliyodhaniwa kuwa maneno ya marafiki yalikuwa kazi ya matangazo. Sisi tunaona hili ni la kukumbuka kila tunapoambiwa kwamba "watu wote wanaisema" dawa fulani. Huenda kweli wote wanaisema. Nani aliyewaanzisha?

Lakini tusiwe wepesi kudhani kwamba nyuma ya kila uvumi yuko tajiri mmoja amejificha. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akiwapa watu kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na mizizi ya mti uitwao mugariga. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Wengi wenu mlisikia habari za "Babu wa Loliondo". Ilisemwa kikombe kile huponya Ukimwi, sukari, saratani, pumu. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania, na haikupanda. Mzee hakutangaza popote. Waliokunywa walirudi makwao wakisimulia, simu zikapigwa, magazeti yakaandika, na foleni ya magari ikarefuka kwa kilomita nyingi katika barabara mbovu. Wakubwa walikwenda kwa helikopta. Watu walitoka hata Kenya na Uganda. Mwishoni mwa Machi mzee mwenyewe aliomba wengine wasije kwanza, kwa sababu watu wapatao 24,000 walikuwa bado wakingoja. Wako wagonjwa waliofia njiani na katika foleni ile, wengine wakiwa wametolewa hospitalini.

Nani alifaidika? Shilingi 500 ya kikombe ilikuwa kidogo sana mbele ya nauli. Wenye magari walitoza walivyotaka, na wauza maji na chakula vilevile. Hivyo habari ilizidi kusukumwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kujua kama dawa inaponya au haiponyi, ilimradi gari lijae. Serikali ilipoeleza kwamba kinywaji kile hakina sumu, wengi walisikia kwamba kinaponya. Tuangalie sana maneno hayo mawili. Maji ya kisima hayana sumu pia. Madaktari waliwaonya wenye virusi vya Ukimwi wasiache vidonge vyao. Wako walioviacha, na ugonjwa ukawarudia kwa nguvu. Baada ya muda foleni ilikwisha bila mtu kutangaza mwisho wake. Mzee alifariki mwaka 2021. Waliokwenda bila kupona hawakusimulia kwa sauti ileile waliyokwenda nayo.

Je, basi tuzibe masikio? La. Hapa hapa Bujumbura tuna mfano wa mdomo uliookoa watu. Katika miaka ya 1990, wakati mgonjwa wa Ukimwi alikuwa akifichwa chumba cha nyuma, Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa Mrundi wa kwanza kusema hadharani kwamba anaishi na virusi. Alikwisha kufiwa na mume na mtoto. Chama cha ANSS alichokiasisi, kilichoanza mwaka 1993, kikawa mahali pa watu kupimwa, kupata dawa na kukutana na wenzao. Ushuhuda wake nao ulikwenda kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Tofauti ni ipi? Alisema kwa jina lake na uso wake, mbele ya watu waliomjua. Hakuwa na kopo la kuuza. Na kusema kwake kulimgharimu, hakukumlipa. Tena hakunyamaza baada ya wiki mbili. Watu walimwona mwaka hadi mwaka, wakaweza kupima maneno yake kwa maisha yake.

Vilevile Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2006, serikali ilipotangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure na akina mama watajifungua bure, habari ilifika vilimani upesi kuliko dawa zenyewe. Hospitali zikajaa, wauguzi wakazidiwa. Uvumi ule ulikuwa wa kweli.

Kuhusu simu, tuseme machache. Katika WhatsApp, ujumbe wenye alama ya mishale miwili umepita mikono mingi. Aliyekutumia si aliyeuona mgonjwa. Katika Facebook, mwenye fedha hulipa ili tangazo lake liwafikie watu wa umri fulani na mji fulani, nalo huja limekaa katikati ya picha za ndugu zako kama vile ni la ndugu. Pia wako mawakala wanaowasifia wagonjwa hospitali za nchi za mbali, nao hulipwa kamisheni kwa kila mgonjwa anayepanda ndege. Kulipwa peke yake si uongo. Lakini tuwaulize wazi kama wanalipwa, na tuangalie wanavyojibu.

Na tusisahau mwanzo wa kisa chetu: vidonge vilikwisha dispansari. Laiti vingekuwapo wiki ile, kopo lisingepata mlango wa kuingilia. Kwa sababu hiyo kamati imeandika barua kwa uongozi wa kiwanda kuhusu akiba ya dawa za sukari na za presha, na itadai jibu.

Jambo la pili tulilokubaliana ni daftari. Kila mwanachama anayekwenda kutibiwa, au kumpeleka mtoto, ataandikisha mambo anayoyajua mwenyewe: alikwenda wapi, aliombwa faranga ngapi, kama alipewa risiti, kama dawa ilikuwapo. Mwezi mmoja baadaye ataulizwa tena hali yake, na miezi sita baadaye mara nyingine, hata kama habari si nzuri. Jina la ugonjwa haliandikwi, ni siri ya mtu. Anayeuza dawa yoyote haruhusiwi kuandikisha habari za dawa hiyo.

Ndugu yetu wa Buyenzi amekubali kulitunza daftari hilo. Anakaa katika chumba cha sendika, karibu na geti, Jumanne na Ijumaa baada ya zamu ya mchana. Asiyejua kuandika amweleze tu, ataandika yeye.