Dondoo Muhimu: Hosteli za Vijana Ujerumani

Msafiri azuruye Ujerumani kwa nia ya kutazama miji na ngome za kale, naye hapendi kuiteketeza fedha yake mahotelini, yafaa azingatie haya:

• Kadi. Hosteli za DJH, shirika la hosteli za vijana la Ujerumani, ni za wanachama. Jipatie kadi kabla ya safari, au uiombe mapokezi ufikapo.

• Penye tarikhi. Altena ndiko mwalimu Richard Schirrmann alikofungua ndani ya ngome, mwaka 1912, hosteli ya kwanza ya kudumu, ambayo mabweni yake ya awali sasa ni makumbusho. Na Bacharach, ngome ya Stahleck, iukabilio mto Rhine, hulaza wageni hadi leo.

• Wakati. Kwa kuwa ngome aghalabu zi juu ya vilima, punguza mizigo, uwasili kabla ya giza. Na majira ya joto weka nafasi mapema.

• Vifaa. Shuka na kifungua kinywa kwa kawaida vimo katika malipo. Taulo na kufuli chukua mwenyewe.

• Adabu. Kuanzia saa nne usiku, bwenini ni kimya. Pakia mzigo wako jioni, usije ukawaghasi wenzio alfajiri.