Akrabu na Jua: Saa za Madrid na Lisbon

Madrid na Lisbon zimeachana kwa kilomita mia tano hivi za anga, lakini inapotimu saa sita mchana Madrid, Lisbon huwa saa tano. Chanzo cha tofauti hii ni siasa kuliko jiografia. Kwa longitudo yake, Madrid ilistahili kufuata majira ya Greenwich, na ndiyo iliyoyafuata hadi Machi 1940, serikali ya Franco iliposogeza akrabu mbele zilingane na za Ulaya ya Kati. Hazikurudishwa. Ureno nayo iliyajaribu majira hayo mwaka 1992, ikayaacha 1996, baada ya malalamiko kwamba watoto walikwenda shuleni gizani wakati wa baridi.

Aghalabu mgeni humdhania mkazi wa Madrid kuwa mtu wa kuchelewa: chakula cha mchana saa nane au tisa, cha usiku saa tatu au nne, ilhali jirani wa Lisbon huketi mezani mapema zaidi. Dhana hiyo haimtendei haki. Mwezi Juni jua hufikia kilele Madrid yapata saa nane na robo. Alaye saa nane basi anakula adhuhuri hasa.

Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili si dogo. Saa ya Mswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo. Je, saa tatu ya Madrid mwezi Juni, jua lingali linawaka, ni usiku? Akiandika "usiku" atampotosha msomaji. Akiandika "jioni" atavuruga hesabu. Afadhali aandike "saa tatu, kabla ya jua kuchwa".