Kuruti Simu: Vidokezo 8 kwa Watu wa Arua na Koboko

Simu moja ya Arua au Koboko hubeba mengi: laini ya Uganda na pengine ya Kongo au Sudan Kusini, akiba ya pesa, picha za mizigo, namba za wateja wa ng'ambo ya mpaka, Ariwara na Kaya. Kabla hujamruhusu fundi aiunganishe na kompyuta yake, pima haya.

1. Elewa unachoomba. Kuruti ni kujitwalia mamlaka ya juu kabisa ndani ya Android, yale ambayo mtengenezaji amekunyima. Kwa kawaida fundi hufungua kwanza butiloda, yaani programu inayoiwasha simu na kuhakiki mfumo wake, kisha huweka Magisk, programu inayotoa mamlaka hayo. Tangu hapo, programu yoyote utakayoipa ruhusa hiyo inaweza kusoma na kubadili kila kitu.

2. Taja shida yako kwanza. Kama ni nafasi kujaa au bando kuisha upesi, dawa ipo bila kuruti. Ingia kwenye mipangilio, zima programu zilizokuja na simu ambazo huzitumii, kisha zuia nyingine zisile data zikiwa nyuma ya pazia. Zile ngumu kuzimika, anayejua ADB, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, anaweza kuziondoa kwa waya na kompyuta, na simu ikabaki salama.

3. Faida zipo, zitambue. Simu iliyorutiwa hukuwezesha kunakili data za programu zote, kuzuia matangazo kwenye simu nzima, na kufuta hata kilichofichwa ndani ya mfumo. Kwa anayesomea ufundi wa simu au programu, hilo ni darasa zuri sana.

4. Fikiria pesa zako. Programu nyingi za benki huikagua simu, na zikigundua imerutiwa hukataa kufunguka. *165# ya MTN na *185# ya Airtel hupita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo zitaendelea kufanya kazi. Hatari kubwa ni programu mbovu iliyopewa mamlaka hayo: inaweza kusoma ujumbe wako, pamoja na namba za siri ambazo benki hukutumia.

5. Usiyapoteze masasisho. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika zilikuwa na virusi vya Triada na xHelper. Kampuni ilijibu kwamba ilikuwa imeshatoa marekebisho kupitia masasisho. Simu iliyorutiwa mara nyingi hushindwa kupokea masasisho ya kawaida, kwa hiyo siku tundu jipya likigunduliwa, kuliziba ni juu yako mwenyewe.

6. Nakili kila kitu, na IMEI pia. Kufungua butiloda hufuta simu yote, na maji yakimwagika hayazoleki. Hamisha picha, namba na mazungumzo ya WhatsApp kwanza. Kisha piga *#06# na uandike IMEI zote, yaani namba za utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Fundi akiweka faili la mfumo la modeli nyingine, simu inaweza kupoteza IMEI ikakosa mtandao, au isiwake kabisa.

7. Chagua fundi na saa. Muulize: faili ni la modeli hii hii? Umelitoa wapi? Unayo romu ya awali, yaani mfumo uliokuja na simu, ya kurudishia? Akibabaika, chukua simu yako uondoke. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024, lakini umeme bado unaweza kukatika wakati wowote. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kuandika mfumo, simu inaweza kufa. Sisitiza kazi ifanywe kwa laptopu yenye chaji, na simu nayo iwe na chaji ya kutosha.

8. Kagua simu ya mtumba. Usiridhike kuona inapiga na kupokea. Izime, uiwashe, utazame sekunde za mwanzo. Simu nyingi zenye chipu ya MediaTek ambazo butiloda yake imefunguliwa huonyesha maandishi madogo ya Kiingereza, "Orange State", yakikuonya kwamba simu haiaminiki tena, kisha husubiri sekunde 5 kabla ya kuendelea. Ukiyaona, usiweke namba ya siri ya pesa humo mpaka mfumo wa awali urudishwe na butiloda ifungwe.

Shauri langu ni hili: simu yenye pesa zako na za wateja wako, iache kama ilivyo. Kama moyo unakutuma kujifunza, tafuta simu ya zamani isiyo na laini wala akaunti yako, uiruti hiyo. Ikifa, umepata somo na biashara yako haijasimama hata siku moja.