Mboga Kila Wiki Katika Ua Mdogo: Somo la Kupanda kwa Zamu

Kaya nyingi zenye ua mdogo hununua mboga za majani kila siku, fungu kwa fungu. Siku fedha inapopungua, kinachokosekana kwanza sahanini si ugali bali ni mboga. Mtoto mdogo ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa mchicha, matembele na majani ya maboga ni miongoni mwa vyakula vinavyompatia vitamini A na madini ya chuma.

Zipo kaya zilizowahi kuanzisha bustani ya nyumbani zikakata tamaa. Mara nyingi tatizo halikuwa udogo wa ua, bali kupanda kila kitu siku moja. Mboga zilikomaa kwa pamoja, zikaliwa kwa wiki mbili, zilizobaki zikatoa maua, kisha kaya ikarudi kununua sokoni. Dawa yake ni kupanda kwa zamu.

Mahali na vyombo

Mboga huhitaji jua la saa 6 hivi kwa siku. Kabla ya kupanda, inafaa kuchunguza ua kuanzia asubuhi hadi jioni na kuona jua linapokaa kwa muda mrefu. Ndoo, makarai na madebe yaliyochakaa yanafaa, mradi yatobolewe chini ili maji yasituame. Vyombo na magunia yaliyowahi kuwekwa viuatilifu visitumike kamwe, hata vikioshwa. Aidha, bustani iwe mbali na maji machafu ya chooni.

Udongo unaofaa ni mchanganyiko wa madebe 2 ya udongo wa juu, debe 1 la samadi iliyooza na nusu debe la mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya magonjwa.

Zamu ya mchicha

Mchicha huvunwa takribani wiki 4 baada ya kupandwa. Kaya iandae makarai 3. La kwanza lipandwe leo, la pili baada ya wiki 2, na la tatu baada ya wiki 4. Wakati la tatu linapandwa, la kwanza huwa limeanza kuvunwa. Mche uliokua zaidi ung'olewe kwanza, midogo iachiwe nafasi. Hivyo karai moja huvunwa kwa muda wa wiki 2. Katika wiki ya 6, karai la kwanza huongezwa samadi na kupandwa upya, na la pili huanza kuvunwa. Mzunguko huo ukifuatwa, hakuna wiki inayopita bila mavuno.

Gunia la sukuma wiki

Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hufaa kuwa akiba ya kaya. Kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, huku udongo ukijazwa pembeni. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo hadi gunia lijae, na kokoto hubaki zimesimama kama nguzo. Maji yakimiminwa juu ya nguzo hiyo hufika hadi chini. Bila hiyo, miche ya chini hunyauka ilhali ya juu imelowa. Matundu ya miche hutobolewa ubavuni kwa nafasi ya sentimita 20 hivi. Wakati wa kiangazi, maji yaliyooshea mboga au mchele yanaweza kutumika kumwagilia.

Viungo na matunda

Giligilani, mnanaa na mchaichai huota vizuri katika makopo. Mpasheni hupanda juu ya uzio bila kuchukua nafasi ya mboga. Kwa mpapai, miche 3 ipandwe katika shimo moja. Maua yakitokea, mche wenye maua ya kike au yenye jinsia mbili ubakizwe na mingine ing'olewe, kwa kuwa mpapai dume kwa kawaida hauzai matunda.

Wadudu

Upande wa chini wa majani ukaguliwe mara kwa mara. Vidukari wachache huondolewa kwa mkono au kwa maji. Wakizidi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, hunyunyizwa jioni. Mboga zioshwe vizuri kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Zoezi kwa kaya

1. Ni sehemu ipi ya ua inayopata jua kwa saa 6?
2. Ikiwa karai la kwanza litapandwa Jumamosi hii, la pili na la tatu yatapandwa tarehe zipi?
3. Nani katika kaya atamwagilia, na saa ngapi?

Majibu yaandikwe na kubandikwa ukutani. Mkazi anayehitaji ushauri zaidi kuhusu mbegu, udongo au wadudu amwone afisa ugani wa kata yake.